Kofia Nyeupe Majini

Katika nyumba ya serahangi, vitu vyeupe vilikuwa na mahali pake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa mashati ya wanafunzi, meupe yote. Aliyashona katika chumba cha nyuma mlango ukiwa umefungwa, akayapiga pasi humohumo, na kuyafunga katika karatasi ya kaki kabla mumewe hajarudi kazini. Hakuyaanika uani hata siku moja. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini anakausha nguo ndani ilhali jua ni la bure, naye akajibu kwamba jua linachujua vitambaa. Kitambaa cheupe hakina cha kuchujuka, na jirani alilijua hilo, lakini alikuwa mtu mwenye haya, akaliacha jibu lilivyo.

Sababu ya kweli ilikuwa mume. Shati jeupe likipepea kwenye kamba, au mfuko wa plastiki ukielea mtaroni baada ya mvua, serahangi alisimama. Hakupiga kelele wala hakutetemeka. Alisimama tu na kukikodolea macho kitu kile, na mtu akimsemesha wakati huo hakusikia. Kisha alivuta pumzi, akaendelea na safari yake.

Serahangi ni mkubwa wa mabaharia wa sitahani. Kamba, nanga, rangi na mashua vyote viko chini ya mikono yake. Huyu alifanya kazi katika meli ya mafunzo ya jeshi la majini, meli kuukuu ya rangi ya kijivu ambayo kila mwaka ilipokea kundi la makadeti, vijana wanaoandaliwa kuwa maofisa. Iliwachukua wakiwa hawajui kusimama penye sakafu inayoinama, na kuwarejesha wakiwa hawajui tena kutembea penye sakafu iliyotulia. Vijana walimwita Mzee Fundo, kwa kuwa aliweza kufunga fundo lolote mikono ikiwa nyuma ya mgongo huku akimsahihisha mtu mwingine kwa kosa jingine kabisa. Hakuwahi kumpiga kijana wala kumtukana. Akikasirika alishusha sauti. Ilisemwa katika vyumba vya makadeti kwamba Mzee Fundo akianza kunong'ona, tafuta mtu wa kumwachia viatu vyako.

Miaka kadhaa kabla ya mambo tunayoyasimulia, kadeti mmoja alianguka baharini kutoka katika meli hiyo. Wenzake walimwita Kinanda, maana hakuweza kufanya kazi bila kuvumisha wimbo puani. Akikwangua kutu alivuma, akisugua sitaha alivuma, na inasemekana hata alipokuwa akikaripiwa alivuma kidogo kidogo bila kujijua. Siku hiyo, adhuhuri, alikuwa ameinama nje ya ubavu wa meli akifunga ngazi. Kulabu ya mkanda wake wa usalama ikakatika. Serahangi alikuwa karibu. Alimwona akienda, akatoa ukelele unaotakiwa, kwamba kuna mtu majini, akanyoosha mkono.

Kunyoosha mkono huko ni kazi yenye kanuni zake. Meli haifungi breki kama gari. Ili irudi ilikotoka lazima izunguke, na ikizunguka, kilichokuwa nyuma huwa kulia, kilichokuwa kulia huwa mbele, na kichwa cha binadamu katikati ya mawimbi ni kitu kidogo kuliko anavyodhani mtu wa nchi kavu. Kwa hiyo wa kwanza kumwona aliyeanguka humnyooshea mkono, wala hauondoi mkono huo wala jicho lake, hata akiitwa na mkubwa, hata maji yakimpiga usoni. Nahodha huelekeza meli kwa kuufuata mkono ule. Mtu huyo huitwa mwonyeshaji, na kwa muda ule mfupi yeye ndiye mwenye meli.

Serahangi alionyesha bila kupepesa. Meli ikazunguka, mashua ikashushwa, ikaufuata mkono wake sawasawa hadi mahali alipokuwa akionyesha, na baharia aliyekuwa mbele ya mashua akainama akaokota kofia. Ilikuwa kofia nyeupe ya kadeti, kavu juu, ikielea kama bata. Mwenye kofia hakuwapo. Mahali fulani katika mzunguko ule, kofia na kichwa viliachana. Kofia ikaenda na upepo, kichwa kikabaki na maji, na jicho la serahangi likaifuata kofia. Walitafuta mpaka jua likazama, na kesho yake tena. Hawakumpata.

Baraza lililochunguza ajali halikumlaumu. Lilisema kulabu ilikuwa na ufa, na kwamba kwa hali ya bahari siku ile hakuna ambaye angeweza kutofautisha kofia na kichwa kwa umbali ule. Mke wa serahangi aliishika kauli hiyo kama mtu anavyoshika chupa ya dawa. Kila alipomkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda amekunja mikono, alimwambia, "Hakuna ambaye angeweza, baba watoto." Naye alijibu, "Hakuna," na baada ya hapo aliweza kujilaza.

Hata hivyo, meli haikumsahau kijana yule upesi. Makadeti waliokuja baadaye, ambao hawakumjua kwa sura wala kwa jina, walisema kwamba katika stoo ya rangi husikika mtu akivuma puani. Serahangi alimwita fundi wa mitambo, wakasimama wote wawili katikati ya mikebe, wakasikiliza. Fundi aligonga bomba la hewa, akasema, "Ni upepo, Mzee. Ukiingia kwa juu unalia hivi." Serahangi akamshukuru. Tangu siku hiyo, alipotaka rangi, alimtuma mtu.

Zoezi la kuokoa mtu majini lilikuwapo tangu zamani katika mafunzo ya meli hiyo. Hutupwa mwanasesere mzito aliyevishwa ovaroli ya buluu, ambaye vijana walimwita Mjomba, na kila kadeti kwa zamu yake huwa mwonyeshaji. Serahangi ndiye aliyekuwa akilisimamia. Mwaka uliofuata ajali, alilibadilisha kidogo: alimvika Mjomba kofia nyeupe.

Kofia hizo alizipeleka nyumbani pamoja na kichwa cha Mjomba, ambacho kilikuwa boya kuukuu lililopakwa rangi ya kahawia na kufunikwa kitambaa. Mkewe alizipokea mara ya kwanza bila kuuliza. Mara ya pili aliuliza.

"Nishone au nishikize?"

"Shikiza. Uzi mmoja."

"Uzi mmoja hautastahimili maji."

"Najua."

Mwanamke yule alitunga uzi kwenye sindano, akamtazama mumewe juu ya miwani. "Wakishindwa wote tena?"

"Watakuwa wameshindwa."

Akashikiza. Alikuwa mtu wa kupima nguo za watu kwa macho tu, na hapo pia alipima akaelewa. Mumewe hakuwa akifundisha. Alikuwa akitafuta mashahidi. Kofia ilipochomoka na kwenda na upepo, kadeti aliifuata kwa mkono wake, kama alivyoifuata yeye, na kila kijana aliyeifuata alikuwa ushahidi mwingine kwamba hakuna ambaye angeweza. Jioni za siku za zoezi serahangi alikula vizuri. Alilala mpaka asubuhi. Mkewe, aliyejua bei ya usingizi huo, hakuwa na moyo wa kuukata uzi.

Manahodha wa zamani hawakujali. Mjomba alipatikana mwishowe, kofia ikapatikana pia, wote wakaandikwa kuwa wamefaulu, maisha yakaendelea. Kisha akaja nahodha mpya, mwanamke mfupi asiyepaza sauti, aliyekuwa na tabia ya kunywa chai amesimama. Mwaka wake wa kwanza alinyamaza, akatazama. Mwaka wa pili alitazama tena. Wa tatu, kabla ya wiki za mwisho za mafunzo, ambapo meli hutoka asubuhi na kurudi jioni, alimwita serahangi chumba cha usukani.

"Serahangi, makundi mawili nimeyaona kwa macho yangu. Hakuna hata mmoja aliyemwonyesha mtu. Wote wameonyesha kofia."

"Ndivyo bahari ilivyo, afande."

"Ama hawa vijana wote ni vipofu, ama mwalimu hafundishi."

"Bahari ndiyo inayofundisha."

"Bahari haipokei mshahara," alisema nahodha, akakiweka kikombe. "Sikiliza, kaka. Mwaka huu asiyemwonyesha mtu hapati cheti, na asiye na cheti hapangiwi meli. Nimeshapeleka habari juu. Na wakishindwa wote, nitaamini kwamba tatizo liko kwako. Kuna nafasi katika ghala la kamba, nchi kavu. Kazi nyepesi, kivuli cha kutosha."

Serahangi alisema, "Sawa, afande," akatoka.

Mtu mwingine angeiondoa kofia ile siku hiyohiyo. Angeweza pia kuwafundisha vijana yale aliyoyajua kuhusu upepo na maji, na kuna usiku mmoja au miwili alijaribu kujishawishi. Lakini baharini alikuwa ameishi maisha yake yote, na bila ile kauli ya mkewe asingeweza kuishi popote. Alipima, akaona kwamba hata ghalani mtu hulala, mradi kauli ile iwe ya kweli. Jumatatu alizipeleka kofia nyumbani kama kawaida.

Kundi la mwaka huo lilikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu zinazoeleweka, na msichana mmoja aliyeitwa Kipa, kwa kuwa alikuwa amedakia timu ya shule yake. Kipa hakuwa kadeti wa kujivunia. Mafundo yake yalifunguka yenyewe. Siku moja alifunga mashua kwa fundo ambalo serahangi alilitazama kwa muda mrefu, kisha akamnong'oneza, "Hili sijapata kuliona. Ulilikuta wapi?"

"Nimelifunga mimi, afande."

"Basi lifungue."

Msichana akajaribu, likakataa. Redio, aliyekuwa akipita na ndoo, akasema, "Mwacheni, wenzangu. Hilo ndilo fundo lake la kwanza lililokubali kushika." Sitaha nzima ikacheka, na Kipa akacheka nao, huku akiendelea kulihangaikia fundo lake kwa kucha.

Redio alikuwa wa kwanza kupewa zamu ya kuonyesha. Siri ya kofia haikuwa siri tena. Makundi yaliyopita yalikuwa yamewasimulia. Alikwenda ubavuni mwa meli akijinadi kwamba yeye hadanganywi na kofia. Mjomba akatupwa. Redio akanyoosha mkono, meli ikaanza kuzunguka, na serahangi akasimama nyuma ya bega lake, jicho likifuata mstari wa mkono, kama kanuni inavyotaka, maana ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kofia ilichomoka katikati ya mzunguko. Kwa kitambo mkono wa Redio ulisita, kisha taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo, ukaenda na kofia.

"Unaonyesha nini?" serahangi aliuliza.

"Mtu, afande."

Mashua ikaenda, ikaokota kofia.

Wakati wa chakula Redio alisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, "Mimi nilijua kabisa kwamba ile ni kofia. Mimi najua. Jicho ndilo halijui."

Serahangi aliyasikia maneno hayo kutoka mlangoni. Aliyabeba mpaka nyumbani, akamweleza mkewe wakiwa mezani, na akaongeza mchuzi.

Siku zilizofuata walishindwa wengine, mmoja baada ya mwingine, hata wale wenye macho makali, hata yule aliyekuwa ameshinda mashindano ya kulenga shabaha. Furaha ikaondoka vyumbani mwao. Vijana ambao kwa miezi mingi walikuwa wametapika pamoja, wakasugua pamoja na kuota pamoja meli watakazopangiwa, sasa walikaa wakitazama sakafu. Mmoja alimwandikia baba yake asinunue nguo ya sherehe. Nao walianza kumwogopa serahangi kwa namna mpya, kwa sababu kila mtu aliposhindwa walimwona akifumba macho kidogo na kupumua, kama mgonjwa anayeondolewa jiwe kifuani.

"Anafurahi," alinong'ona mmoja.

"Hafurahi," alisema Kipa. "Mtu anayefurahi hafanani hivyo."

Zamu ya Kipa ilifika mchana wa siku yenye upepo. Mawimbi yalikuwa makubwa kuliko siku zote za zoezi, kiasi kwamba nahodha aliamua mashua isishushwe. Meli yenyewe ingezunguka, ikapita karibu, na Mjomba angevutwa kwa ndoana ndefu. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mkono wa mwonyeshaji, na neno la mwamuzi aliyesimama nyuma yake. Serahangi alikuwa na simu ya upepo iliyomuunganisha na chumba cha usukani. Aliitazama bahari ile. Rangi ya maji, urefu wa mawimbi, upande wa upepo; vyote aliwahi kuviona siku moja tu.

Mjomba akatupwa.

Kipa alitoa ukelele, akanyoosha mkono. Alisimama tofauti na wengine: miguu imepanuka, magoti yamelegea, kidevu kimeshuka, kama mtu anayesubiri kitu kirushwe kumwelekea. Meli ikainama, ikaanza kugeuka. Kofia ikachomoka mapema kuliko kawaida, ikapanda juu ya wimbi, nyeupe, safi, inayong'aa, ikaanza kuondoka na upepo. Makadeti waliokuwa wamejipanga nyuma waliiona wote. Redio alisema baadaye kwamba alihisi macho yake yakivutwa kama kwa uzi.

Mkono wa Kipa haukusogea na kofia.

Serahangi alisogea karibu, akaweka jicho lake juu ya bega la msichana, akaufuata mstari wa mkono hadi mwisho. Hapakuwa na kitu pale. Maji tu, meusi, yakipanda na kushuka. Alihisi kile alichokihisi kwa kila kijana, ule wepesi wa kifuani, kwa kuwa huyu pia alikuwa amepotea. Tena amepotea vibaya zaidi, hata kofia hakuiona. Lakini meli iliendelea kuzunguka, na mkono wa msichana ulizunguka kinyume chake, taratibu, kwa kiasi kilekile, kama sindano ya dira, na ncha ya kidole ikabaki pale penye utupu.

Sauti ya nahodha ikatoka kwenye simu. "Serahangi. Huku juu tunaona kitu cheupe upande wa kulia. Mkono wa kadeti uko kushoto kabisa. Sahihi, au si sahihi?"

Kidole kilikuwa kimeelekea kwenye maji meusi. Kisha, penye ncha ya kidole kilekile, maji yakafunguka, likatokea duara dogo la kahawia, na bega la ovaroli iliyolowa. Lilikaa kwa muda wa kupepesa. Likazama.

Hakuna mwingine aliyeliona. Waliokuwa nyuma walikuwa wanatazama kofia, na wa chumba cha usukani pia.

"Serahangi, nasubiri. Meli haiwezi kuzunguka milele."

Ingetosha kusema maneno mawili. Msichana angeshindwa kama wengine, angerudi kwao, angeolewa au angedaka mipira au angefanya lolote wanalofanya watu wasio baharini. Kundi lingeshindwa lote. Yeye angekwenda ghalani, penye kivuli, na jioni ile mkewe angemwambia kile anachomwambia siku zote, naye angejibu. Alikibonyeza kitufe cha simu, na kwa muda nahodha alisikia upepo tu.

"Sahihi," alisema serahangi. "Fuateni mkono."

"Rudia."

"Msiangalie cheupe, afande. Fuateni mkono. Mtu yuko kushoto."

Meli ikaenda kushoto. Kipa hakugeuka wala hakushusha mkono, japo bega lilikuwa limeanza kumtetemeka, mpaka Mjomba alipotokea chini ya ubavu wa meli, kichwa wazi, na ndoana ikamkamata kola. Hapo ndipo sitaha ilipolipuka kwa shangwe. Redio alipiga ndoo kama ngoma. Nahodha alishuka mwenyewe, jambo asilolizoea, akampa msichana mkono, akarudi juu. Kofia iliachwa iende.

Serahangi alingoja kelele zipungue. Kisha akamvuta Kipa kando, penye kivuli cha mashua, na kwa sauti ya chini, ambayo safari hii haikuwa ya hasira, akamuuliza.

"Ulimwona muda wote?"

"Hapana, afande. Alinipotea. Mara kadhaa."

"Alipokupotea, kwa nini hukuhamisha mkono?"

Msichana alifikiri. Alikuwa anajisugua bega. "Mpira ukiingia katikati ya miguu ya watu, afande, huoni kitu. Ukianza kuutafuta huku na huku umefungwa. Unakaa palepale ulipoingia. Utatokea tu karibu na hapo."

"Kwa hiyo ulimngoja."

"Nilimngoja. Hakuwa na pa kwenda." Kisha, akidhani kwamba anaulizwa ili asahihishwe, akaongeza, "Kofia niliiona, afande. Ilinivuta sana. Lakini ilikuwa inakimbia mno. Mtu aliyelowa hakimbii."

Serahangi alitikisa kichwa kukubali. Alimwambia akanywe maji na akapumzishe mkono. Kisha akarudi kwa waliobaki, ambao hawakuwa wengi, na kwa wale walioshindwa, ambao nahodha alikuwa amekwisha agiza warudie. Aliwaketisha sitahani. Aliwaeleza habari za upepo na maji, jinsi kilicho juu ya maji kinavyokwenda na upepo na kilicho ndani yake kinavyokwenda na maji. Aliwaambia kwamba mtu akizama wasihame, wakae pale alipozamia. Alieleza taratibu, akarudia, akawauliza mmoja mmoja, akawasubiri wasioelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi lolote kufundishwa jambo hilo katika meli ile, na ilichukua muda mfupi sana kulieleza. Kabla ya meli kurudi, Redio alikuwa amemwonyesha Mjomba, tena Mjomba akiwa amevishwa kofia nyingine.

Jioni hiyo serahangi alifika nyumbani na hakukaa mezani. Mkewe alikuwa ameshafunga mashati, ameosha mikono, amepakua. Alimtazama, akajua kwamba leo halikuwa zoezi la siku zote.

"Wameshindwa?"

"Wamefaulu. Alianza msichana mmoja."

Mkewe aliketi polepole. Alitaka kufurahi, kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya kazi ya mumewe, lakini aliona furaha haina pa kukalia katika chumba kile.

"Bahari ilikuwaje?" aliuliza.

"Kama ya siku ile. Sawasawa."

"Labda huyo mtoto ana kipaji."

"Nimewafundisha wengine, nao wameweza. Hata yule mropokaji." Aliegemea ukuta. "Mama watoto, mtu akizama mara ya kwanza huwa bado hajaondoka. Hurudi juu, palepale. Huyu msichana alimngoja, akatokea."

Mwanamke akafungua kinywa. Kauli ile ilikuwa ulimini, imezoea njia yake, na kwa miaka mingi haikuwahi kukosa la kufanya. Akaifunga tena midomo.

"Na yule kijana naye alitokea," alisema serahangi. "Lazima alitokea. Akatazama, akatuona tunakwenda kwingine."

Chakula kilikuwa kinapoa. Mkewe alinyanyuka, akazunguka meza, akasimama karibu naye ukutani, bega kwa bega, kwa kuwa hapakuwa na neno lililobaki nyumbani mle la kumpa. Baada ya muda serahangi akaanza kumsimulia kijana yule alikuwa mtu wa namna gani: alivyochukia vitunguu, alivyoandika kwa mkono wa kushoto, nyimbo alizozivumisha puani, na jinsi alivyozikosea zote mahali palepale. Hakuwahi kumsimulia mambo hayo. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, na alipofika mwisho akamuuliza, kwa upole, wimbo mmojawapo ulikwendaje.